Nani Hulipia Hesabu za Watu Wengi?

  Natumaini redio iko mezani, ubao umefutwa, na chaki ipo.

Somo letu la leo ni la hesabu, lakini si hesabu ya kujumlisha na kutoa kama ile ya wiki iliyopita. Leo tutazungumza habari za watu wanaofanya kazi ya hesabu kwa pamoja, na habari za fedha wanazotumia. Fedha hizo hutoka wapi? Huyo anayezitoa hutaka nini? Nazo zakuhusu nini wewe unayelima mahindi Dongobesh, au unayechunga ng'ombe Basotu?

Zakuhusu sana. Yamkini siku moja mtu atafika nyumbani kwako kwa pikipiki, amebeba mizani na ubao wa kupimia urefu, naye atakuomba ruhusa ampime mtoto wako. Mkononi atakuwa na karatasi, na chini ya karatasi ile patakuwa na mahali pa kutia sahihi. Wengi wenu mmeanza kisomo hiki ili msitie tena dole gumba kwenye karatasi msiyoijua. Basi leo tutaifikia karatasi hiyo, lakini kwanza tujue kazi yenyewe.

Tuanze na jambo mnalolijua. Umenunua gunia la maharage mnadani Katesh. Unataka kujua kama yameliwa na wadudu. Je, utayamwaga yote chini uyahesabu moja moja? La. Utatia mkono ndani, utatoa konzi moja, utayatazama. Lakini ukichota juu tu unaweza kudanganyika, maana mwuzaji mjanja huweka mazuri juu. Mwenye akili huchota juu, akachota katikati, akachota na chini. Elimu ya kuchota vizuri, na ya kujua konzi ngapi zinatosha kuaminiwa, ndiyo sehemu kubwa ya elimu inayoitwa takwimu. Ni tawi la hisabati.

Sasa, gunia lina mdomo mmoja na mtu mmoja anatosha. Lakini kama unataka kujua kwa nini watoto wa kijijini hawarefuki kama inavyopasa, mtu mmoja hatoshi. Hata hospitali moja haitoshi.

Pale Haydom, katika wilaya ya Mbulu, iko Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mnaijua, na huenda baadhi yenu mlizaliwa pale. Mwaka 2009 ulianza utafiti mmoja ulioitwa MAL-ED. Watafiti walitaka kujua kwa nini watoto wengi wa mahali penye umaskini wanadumaa, yaani wanabaki wafupi kuliko umri wao. Je, ni chakula kidogo? Ni maji? Ni vijidudu vya tumboni? Swali hili halikuulizwa Haydom peke yake. Liliulizwa wakati mmoja katika nchi nane: Bangladeshi, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru, Afrika ya Kusini, na Tanzania. Kwa nini nane? Kwa sababu Haydom watu hula ugali na maziwa, na Peru hula vyakula vingine. Haydom kuna baridi, na Bangladeshi kuna joto na mafuriko. Ukiona jambo lile lile linatokea mahali pote nane, unaanza kuamini kwamba halitokani na desturi ya watu wa Mbulu wala na hali ya hewa yao.

Watoto walioandikishwa katika nchi hizo zote walizidi 2,000, na hapa kwetu walikuwa zaidi ya 200. Kila mtoto alitembelewa nyumbani kwao mara mbili kwa juma mpaka akafikisha miaka miwili. Mama aliulizwa: ameharisha? Ana homa? Amekula nini? Kila mwezi mtoto alipimwa, na choo chake kikachukuliwa kwenda kuchunguzwa.

(Hapa mwalimu wa darasa aandike ubaoni: watoto 200, mara 2 kwa juma, majuma 52 kwa mwaka, miaka 2.)

Haya, tupige hesabu. Watoto 200 mara 2 ni safari 400 kwa juma. Safari 400 mara majuma 52 ni 20,800 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 41,600. Safari elfu arobaini na moja na mia sita! Na nyumba za kwetu hazikujengwa safu moja kama maduka ya mjini. Hii iko bondeni, ile iko ng'ambo ya korongo, na masika pikipiki hukwama kwenye tope mpaka mtu ashuke asukume.

Sasa umeelewa kwa nini kuhesabu kunataka fedha. Watu wengi hudhani kwamba hesabu ni kazi ya bure, maana mwenye hesabu hahitaji jembe wala mbolea, ni kalamu tu na kichwa chake. Lakini kila tarakimu moja iliyoandikwa kwenye kitabu cha utafiti ule ilikuwa na mafuta ya pikipiki ndani yake, na mshahara wa kijana aliyekwenda, na chupa ya choo, na barafu ya kuhifadhi chupa ile isiharibike. Baadaye tarakimu za nchi zote nane zilikusanywa pamoja Marekani, ambako wataalamu wa takwimu walizipanga na kuzilinganisha. Nao hulipwa.

Gharama ya utafiti wa MAL-ED ilitolewa na Bill & Melinda Gates Foundation ya Marekani, ambayo siku hizi huitwa Gates Foundation. Huu ni mfuko ulioanzishwa na tajiri aliyepata mali yake kwa biashara ya programu za kompyuta. Si mkopo, kwa hiyo wananchi wa Mbulu hawadaiwi. Ni ruzuku, yaani fedha inayotolewa kwa kazi fulani, kwa muda fulani, na hesabu yake lazima irudishwe kwa mtoaji.

Labda utaniuliza: watafiti huipataje ruzuku? Huipata kwa kuandika ombi. Ninyi mlio katika vikundi vya kuweka na kukopa mtaelewa upesi. Mwanachama akitaka mkopo husimama mbele ya wenzake akaeleza: nataka kiasi hiki, nitanunua mbuzi, nitarudisha mwezi fulani, na mdhamini wangu ni huyu. Wenzake humwuliza maswali makali. Watafiti nao hufanya hivyo hivyo kwa maandishi. Huandika swali lao, na majina ya wenzao watakaoshirikiana nao, na kazi ya kila mmoja, na fedha za kila kazi hata nauli na karatasi. Ombi hupelekwa kwa wataalamu wengine walisome na kulipinga. Maombi mengi hukataliwa. Ushirika wenyewe huwa sehemu ya mtihani, maana mtoaji hutazama kama watu hawa wataweza kweli kufanya kazi pamoja kwa miaka mitano bila kugombana. Hapo, ndugu zangu, wasomi si bora kuliko wanakikundi wa kijijini.

Utafiti wa MAL-ED ulionyesha kwamba watoto wengi walikuwa na vijidudu tumboni hata siku ambazo hawakuharisha, na kwamba baadhi ya vijidudu hivyo vilihusiana na kutorefuka. Basi likazaliwa swali jipya. Kama vijidudu vinahusika, je, tukiwapa watoto dawa ya kuviua, watarefuka?

Kila mtu angesema ndiyo. Mimi pia ningesema ndiyo. Lakini kusema si kujua.

Kuanzia mwaka 2017, Haydom ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Virginia cha Marekani, ulifanyika utafiti ulioitwa ELICIT. Watoto 1,188 waliandikishwa wakiwa wachanga. Waligawanywa makundi manne, na ukigawanya 1,188 kwa nne unapata 297. Kundi moja lilipewa dawa za kuua vijidudu. Jingine lilipewa aina ya vitamini. La tatu lilipewa vyote viwili. La nne lilipewa dawa bandia, isiyo na nguvu yoyote ya kutibu wala ya kudhuru. Nani aingie kundi gani? Hakuchagua daktari, wala mama, wala mwenyekiti wa kijiji. Ilipigwa kura. Tena hakuna mama wala mpimaji aliyejua mtoto yupi anapewa nini.

Kwa nini kura? Fikiri: kama daktari angechagua, huenda kwa huruma angewapa dawa wale walio dhaifu zaidi. Mwishowe wangeonekana wafupi, tukailaumu dawa bure. Au mama wenye bidii wangeiomba dawa wenyewe, na watoto wao wangerefuka kwa sababu ya bidii ya mama, tukaisifu dawa bure. Kura huchanganya watu wa kila aina katika kila kundi, kama unavyokoroga uji usiwe na madonge. Baada ya hapo, tofauti kubwa ikitokea, sababu yake ni dawa.

Watoto walipofikisha miezi 18 walipimwa urefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Dawa hazikuwarefusha. Vitamini nayo haikuwarefusha. Waliopewa na wasiopewa walikuwa sawa.

Najua baadhi yenu mmetikisa kichwa. Fedha nyingi namna ile, miaka ile yote, na jibu ni hapana? Niliposikia habari hii mara ya kwanza nami nilitikisa kichwa. Lakini hebu tazama upande wa pili. Dawa hizi zinanunulika. Kama serikali za nchi maskini zingeanza kuwagawia watoto wote, kwa kudhani tu, zingetumia fedha nyingi kuliko za utafiti, mwaka hata mwaka. Zaidi ya hayo, dawa ya kuua vijidudu ikitumiwa ovyo, vijidudu huizoea, na siku mtoto anaumwa kweli dawa hiyo haimsaidii. Jibu la hapana lililotoka kwa watoto wa Haydom limewazuia watu wa mbali wasipoteze mali yao na dawa zao. Ni haki akina mama waliokubali walijue hilo, wala wasiambiwe tu kwamba utafiti umekwisha.

Sasa niwape mfano wa jibu la ndiyo, nao pia una mizizi Haydom. Unaitwa Safer Births, yaani uzazi ulio salama zaidi. Wakunga na waganga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini: namna ya kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni, na namna ya kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa asiyepumua. Kazi hii ilifanyika kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 katika vituo 30 vya mikoa mitano, ambayo ni Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na mikoa iliingia kwa zamu. Watoto waliohesabiwa ni karibu 278,000. Fedha zilitoka katika mfuko wa Global Financing Facility ulio chini ya Benki ya Dunia, na kwa wafadhili wengine pia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Hapo awali, katika kila uzazi 1,000, watoto waliokufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye walikuwa 15.3. Baada ya mazoezi walikuwa 12.5.

(Mwalimu aandike: 15.3 toa 12.5. Jibu ni 2.8.)

Karibu watoto watatu katika kila elfu. Tazama sasa maana ya ushirika. Tuseme kituo kimoja kinazalisha akina mama 1,000 kwa mwaka. Mwaka huu wamekufa watoto 15, mwaka ujao wakafa 12. Je, ni kwa sababu ya mazoezi, au ni bahati tu? Hakuna awezaye kujua. Ni kama mkulima aliyevuna magunia matatu zaidi msimu mmoja: huenda ni mbegu, huenda ni mvua. Mganga wa kituo kile angeweza kufanya kazi yake miaka kumi, akafa, asijue kama mazoezi yake yaliokoa mtu. Lakini vituo 30 vikiweka tarakimu zao katika kapu moja, bahati ya hapa hufutwa na bahati ya pale, na kinachobaki ni ukweli. Wale watoto watatu hawaonekani ila kwa hesabu ya watu wengi.

Mpaka hapa nimesema habari za hesabu zinazohusu watoto. Lakini wako pia wanahisabati wanaofanya kazi kwa ubao na chaki tu, bila kumpima mtu. Wao ndio huzitengeneza na kuzijaribu zile kanuni za kupiga kura, za kuchota, na za kuingiza mikoa kwa zamu. Je, nao wanahitaji fedha? Wanahitaji, ila zao ni kidogo, na nyingi ni nauli. Mwenye hesabu ngumu aliye Dar es Salaam huenda mwenzake pekee anayeielewa yuko Kampala au Nairobi. Wakikutana juma moja mbele ya ubao, mmoja huona kosa ambalo mwenzake amelipita mara ishirini. Kwa ajili hiyo tangu mwaka 2002 vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi viliungana katika mpango wa hisabati wa Afrika Mashariki, na baadaye Rwanda na Zambia zikaingia. Sweden ndiyo iliyousaidia mpango huo kwa fedha, kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala, ili vijana wasome mpaka shahada za juu na walimu wao watembeleane. Hata Uingereza, nchi yenye vyuo vingi, chama cha wanahisabati cha London kina ruzuku ndogo kwa vikundi vya watu wa vyuo mbalimbali, wapate kukutana mara kadhaa kwa mwaka. Kwa hiyo msidhani ni Waafrika tu wanaokwama kwa nauli.

Hapo nina neno la kusema ambalo si kila mtu wa vyuo atalipenda. Anayelipa mara nyingi ndiye anayechagua swali. Wazee wa Hanang wanakumbuka mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kusaidiwa na Kanada kwa fedha, mashine na wataalamu. Ngano ilipimwa kwa uangalifu, shamba kwa shamba. Lakini malisho waliyoyapoteza Wabarabaig hayakupimwa kwa uangalifu ule ule, na miaka ya 1980 baadhi yao walikwenda mahakamani kudai ardhi. Tarakimu za ngano hazikuwa za uongo. Ila swali lililoulizwa lilikuwa juu ya ngano.

Ndiyo maana ni vema nchi iwe na fedha zake za utafiti, hata zikiwa chache. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iitwayo COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kazi zake mojawapo ni kutoa ruzuku kwa watafiti wa Tanzania. Mtafiti mgeni naye lazima apate kibali chake pale. Na utafiti wowote wa afya unaowagusa watu sharti upitiwe kwanza na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambako wazee wenye ujuzi huuliza kama hautamdhuru mtu.

Tumerudi kwenye ile karatasi. Inaitwa fomu ya ridhaa, maana yake kukubali kwa hiari. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, watu fulani walifika kwetu wakatupima uzito na urefu, wakatutoa damu kidogo kidoleni. Mama yangu alitia dole gumba. Hakuna aliyemsomea karatasi. Hawakurudi tena, na mpaka leo mama huniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma: mwanangu, ile damu ilisema nini? Sina jibu la kumpa.

Wewe usikubali iwe hivyo. Mtu wa mizani akija, mkaribishe, mpe kiti. Kisha mwulize nani anayelipia kazi hii na swali lao ni lipi. Mwulize kama mtoto atapewa dawa au atapimwa tu, na kama kuna dawa bandia. Mwulize kama ana kibali, na namba ya simu ya kumpata mkubwa wake. Mwulize pia matokeo yataletwa lini kijijini, na nani atayaleta. Kwa haki hatakiwi kukasirika, kwa sababu majibu yote yanapaswa kuwamo katika fomu ile ile, kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa upande wao, ndipo atie dole. Tena unaweza kukataa. Unaweza hata kukubali leo ukaacha kesho kutwa, na mtoto wako ataendelea kutibiwa hospitalini kama watoto wengine.

Sikuambieni haya ili mkatae. Watoto 1,188 wa ELICIT waliingia kwa sababu wazazi 1,188 walikubali, na bila wao fedha yote ya Marekani isingejibu lolote. Nasema tu kwamba anayekubali baada ya kuuliza ni mshirika katika kazi ile, sawa na yule mwenye kompyuta.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake maswali mawili ambayo angemwuliza mtu wa mizani, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mpige hesabu hii: kituo kimoja kimezalisha akina mama 500, na watoto 6 wamekufa, kituo kingine kimezalisha 2,000, na wamekufa 26. Kipi kina vifo vingi zaidi kwa kila elfu moja? Mwalimu asitoe jibu mpaka kila mtu amejaribu. Wiki ijayo, saa ile ile, tutaendelea na habari ya wastani. Kwaherini.